Noti Yako ya Mlangoni, Papa

Papa mpendwa,

Klarineti yako bado ina kiburi. Kukiwa na baridi asubuhi haitaki kusema kabisa, na jua likiwaka inapanda juu ya wenzake wote kana kwamba imealikwa peke yake. Nimeibembeleza, nimeigombeza, nimeipeleka kwa fundi, na bado inajua kuwa mimi si wewe. Lakini tumeelewana. Ilibidi tuelewane, kwa sababu nina habari za kukupa, na bila yenyewe habari hizi zisingekuwepo.

Noti zako, zile zilizofukuzwa kanisani, zimepigwa na orkestra nzima, hapa hapa Bujumbura, katika ukumbi uliojaa mpaka watu wakasimama kandokando ya kuta. Naiandika barua hii wazi, kila anayetaka aisome, kwa sababu wewe ulinyamazishwa mbele ya watu. Basi na ushindi wako usikike mbele ya watu. Nitakusimulia polepole, maana nakujua, ungetaka kusikia yote, hata nani alivaa nini.

Unakumbuka chai ya klarineti? Ulikuwa unarudi nyumbani Ngagara kutoka ofisini, unavua shati la kazi, unabaki na singlendi, halafu unamwomba Mama kikombe cha chai isiyo na sukari. Wageni walidhani unakunywa wewe. Kumbe unachovya ndani yake kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa klarineti, unakiacha kilainike huku unasoma gazeti. Mama alisema hajaona mgeni wa namna hiyo, anapewa chai kila jioni na hajawahi kusema asante.

Wewe ulifundishwa muziki shuleni kwa Mapadri, kwenye fanfari, muziki wa kupiga huku mnatembea mguu sawa. Lakini mwalimu wako wa pili ulimpata sokoni Jabe, ndani ya kaseti isiyo na jalada. Alikuwa mtu mweusi wa Amerika na gitaa lake, anaimba bluzi kwa Kiingereza ambacho hakuna aliyekielewa nyumbani kwetu. Ulimsikiliza umesimama, mkono kiunoni. Wimbo ulipoisha ukautoa mkanda, ukaurudisha nyuma kwa kuuzungusha na kalamu ili betri za redio zisiishe, ukamsikiliza tena.

Ukaniambia, "Huyu mutu ni wa kwetu, Nadi. Anafanya kama babu yako na inanga yake."

Babu nilimkuta mzee sana, lakini inanga yake naikumbuka, ule ubao mrefu uliochimbwa katikati kama sinia, na nyuzi zimekazwa juu yake. Alikuwa haimbi, ananong'ona tu, na nyuzi zinanong'ona pamoja naye, mpaka unadhani maneno yanatoka kwenye ubao. Nyuzi zile hazikuwahi kukubaliana na piano ya parokia. Kila moja ilikaa mahali pake, pembeni kidogo ya pale piano inapotaka. Na yule mtu wa kaseti naye alikuwa anakaa pembeni kidogo. Ulichosikia wewe ni hicho, na mimi nilikisikia kwa sababu ulinishika bega na kuninyamazisha.

Kuanzia hapo Jumapili zetu zikawa za Kajaga. Misa ikiisha tunakwenda ufukweni, wewe unasimama mbele ya ziwa na kupiga, kwa sababu majirani walikuwa wamekwisha kukuomba kwa adabu kwamba bluzi zako ukazipigie mbali. Siku moja kiboko alitoa kichwa majini, akasikiliza mpaka mwisho, akazama taratibu. Wavuvi wakatuuliza kama unawaita viboko au unawafukuza. Uliwajibu kwamba hata wewe ungependa kujua. Pale ndipo uliponifundisha kuipinda noti. Kati ya mi na mi bemoli, ile mi iliyoshushwa nusu hatua, ulisema, kuna chumba kizima ambacho watu wanapita bila kukiona. Nilijaribu, ikatoka sauti ya bata. Nilijaribu tena. Ukanishika kidevu na kuniambia maneno ambayo sijayasahau: "Legeza mudomo, usilegeze pumuzi."

Halafu ikaja ile Pasaka.

Sitaki kumsema vibaya Mwalimu Bonifasi. Wewe mwenyewe ulimheshimu, na nusu ya watu wanaosoma muziki mjini hapa wamepita mikononi mwake. Alikuwa kiongozi wa kwaya ya parokia, mtu wa solfa, do-re-mi iliyonyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Aliwafundisha wote kwamba bemoli isiyo na sababu ni kosa la mwandishi, na kosa lirekebishwe. Wewe ulikuwa unasindikiza kwaya kwa klarineti, umekaa kwenye benchi lile la pembeni, karibu na mlango wa sakristia. Katika mazoezi ya mwisho, ilipofika Haleluya, furaha ilikuzidi. Ukaipinda noti ya juu. Niliona waimbaji wakigeuka mmoja mmoja.

Mwalimu aliinua mkono, wote wakanyamaza. Hakukaripia. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma: "Papa Nadine, noti zako ziko magonjwa. Uzipeleke kwanza hospitali."

Watu walicheka, Papa. Si sana, lakini walicheka. Uliifungua klarineti kipande kwa kipande, ukaifuta, ukailaza kwenye sanduku lake. Siku ya Pasaka yenyewe ulikuja, ukasimama na waimbaji wa besi, ukaimba noti zilizonyooka kama wengine. Hukurudi tena kwenye benchi lile. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nalia kwa hasira, wewe unanitembeza polepole. Ndipo ukanieleza.

"Ile noti haina ugonjwa. Iko inasimama ku mulango tu. Haijajua kama inaingia ao inatoka. Siku moja itaingia."

Ulipotutoka, kwaya ilikuzika vizuri. Waliimba sauti nne, kila kitu mahali pake. Mimi nilisimama pale kaburini na kuona uchungu wa ajabu, kwamba mtu aliyeishi kwa kupinda noti anasindikizwa na noti ambazo hakuna hata moja iliyoinama. Nilitaka kupiga klarineti. Mikono ilikataa.

Nilikwenda kusomea muziki Nairobi, hilo unalijua, ulinipa baraka zako ukiwa kitandani. Usichojua ni hiki. Siku moja mwalimu alitupigia sinfonia, orkestra kubwa, fidla na chelo na pembe, na katikati ya muziki ule wa watu waliovaa tai, nikaisikia noti yako. Nilisimama darasani kama mtu aliyeitwa jina. Mwalimu akaniuliza kuna nini. Nikamwomba aipige tena.

Kumbe noti kama zako zilishaingia kitambo, Papa. Kumbe kulikuwa na watunzi, wengine wajukuu wa watumwa, walioichukua bluzi kwenye baraza za nyumba na vilabu vya pombe, wakaikalisha katikati ya fidla bila kuinyoosha. Na wengine wa Ulaya waliisikia wakapata wivu, wakaiazima. Wakaiandikia klarineti ipande kwa kuteleza, bila ngazi. Wakazifanya trombone zicheke na mdomo umezibwa. Wakazifanya chelo ziseme neno na pembe zijibu, kama waumini wanavyomjibu mhubiri. Na huko nako, nilipoendelea kusoma, nikakuta kina Mwalimu Bonifasi wao, waliosema hizo ni noti za kilabuni na hazina adabu ya kuingia ukumbini. Nilicheka peke yangu maktaba mpaka wakanitazama. Hukuwa peke yako hata kidogo. Wewe ulikuwa tu mbali na wenzako.

Basi nikarudi nyumbani na kuandika. Nikaitunga kazi ya orkestra, nikaiita Mlangoni. Mzunguko wake ni ule wa bluzi, mistari mitatu, wa kwanza unasema, wa pili unarudia, wa tatu unajibu. Inaanza na babu: fidla zinakwaruzwa chini chini huku wapigaji wenyewe wananong'ona. Halafu klarineti inaingia, ni wewe huyo, na orkestra nzima inakujibu.

Kwa tarumbeta nilihitaji ile sauti ya kuziba na kufungua, wa-wa, wa-wa, na kifaa chake bora duniani ni mpira wa kuzibulia choo. Si utani, ndivyo wanavyofanya hata huko kwenye kumbi kubwa. Nikaenda Jabe kununua. Mama muuzaji alinitazama nikijaribu mmoja baada ya mwingine usoni pangu ili kupima sauti, akaniuliza kwa huruma kama nyumbani vyoo vyote vimeziba. Mpiga tarumbeta wetu anaitwa Salumu, mtoto wa wale Waarabu wenye duka la vitambaa, watu wa hapa tangu enzi za mababu. Alipoupokea aliugeuzageuza, akauliza kama ni mpya. Nikaapa kwamba ni mpya. Akaunusa hata hivyo.

Niliwagawia karatasi mapema ili kila mtu ajifunze nyumbani. Jumamosi ya mazoezi ikafika, katika ukumbi wa shule pale pale Ngagara. Kiongozi wetu Spes, mwanamke ambaye akiinua fimbo hata feni hunyamaza, akahesabu, tukaanza. Na Papa, ukatoka wimbo wa komunyo. Safi, mtamu, umenyooka. Hakuna bluzi hata tone. Nilidhani nimepotea ukurasa. Nikaweka klarineti chini, nikazunguka kutazama karatasi zao. Kila bemoli yangu ilikuwa imekatwa kwa penseli. Fidla wamezikata, viola wamezikata, chelo wamezikata. Hawakuwa wamekubaliana. Kila mmoja nyumbani kwake aliona mi na mi bemoli zimeandikwa pamoja, akanionea huruma, akanirekebishia kimyakimya.

Spes mwenyewe aliniambia, bila kuona haya, "Tulikusaidia kidogo, Nadine. Tulifikiri ulikuwa umechoka."

Wote walikuwa wanafunzi wa Mwalimu Bonifasi, kila mmoja wao. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na nikacheka zaidi nilipowaza jinsi ambavyo ungecheka wewe. Tukatafuta vifutio, tukafuta. Lakini kufuta penseli hakukutosha. Sasa waliipiga bemoli yenyewe, nzito, imetumbukia kama gurudumu kwenye shimo. Ama mi, ama mi bemoli. Chumba cha katikati walikipita bila kukiona, kama ulivyosema. Wiki zikaenda. Spes akaanza kuniuliza, kwa adabu, kama haingekuwa vema kuziacha zile noti, kazi ni nzuri hata bila hizo. Nilimkatalia. Baada ya hapo nilikuwa nafika mazoezini nikiwa na hofu, maana watu walianza kuchoka nami, na Mama alikuwa amekwisha kwenda mwenyewe kumwalika Mwalimu Bonifasi. Alikuwa amemwambia kwamba atasikia noti za marehemu mume wake. Niliona kwamba zikitoka mbovu mbele yake, nitakuwa nimekuzika mara ya pili.

Kilichotuokoa kilitoka nje. Tulikuwa tumepumzika, madirisha wazi, na ng'ambo ya barabara mama mmoja akamwita mtoto wake arudi kuoga. "Krisiii weee." Unajua wanavyoita, sauti inapanda, halafu ile mwisho inashuka kwa kuteleza, haifiki chini, inabaki inaning'inia. Salumu, kwa utundu tu, akaweka mpira wake kwenye tarumbeta akamjibu vilevile. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Spes naye hakucheka. Tulitazamana.

"Ndio hii," akasema. "Ile ya kuita mutoto."

Akaweka karatasi pembeni na kuwaambia kila mmoja aimbe jinsi alivyokuwa anaitwa kwao jioni. Walianza kwa aibu, kisha wakapamba moto. Salumu akasema bibi yake alimwita vilevile, na kasida alizoimba wakati wa Maulidi zilipita kwenye chumba kile kile cha katikati. Mzee wetu wa kontrabasi aliliita jina lake mwenyewe kwa sauti ya mama yake, akavua miwani na kuifuta. Hakuna hata mmoja aliyeitwa nyumbani kwa do-mi-sol. Spes akainua fimbo, akasema tuanze pale pale, na safari hii waite. Papa, wakaita.

Siku ya tamasha Mama alivaa imvutano yake ya sherehe, kitambaa cha kujifunga begani, ile ya rangi ya dhahabu uliyoipenda, na akamkalisha Mwalimu Bonifasi kando yake, mstari wa mbele. Amezeeka, anatembea na fimbo, lakini kola yake bado imepigwa pasi. Mwanzi wangu ulikuwa kwenye kikombe cha chai nyuma ya pazia. Nikautoa, nikaufunga kwenye klarineti. Nikajiambia, legeza mdomo, usilegeze pumzi.

Fidla zikaanza kunong'ona na nikamsikia babu. Kisha nikaingia. Noti ya kwanza ilisimama mlangoni, na sikuiharakisha, niliiacha isimame. Orkestra ikaijibu kwa ile sauti ya kuita mtoto, chelo kwanza, kisha pembe, kisha Salumu na mpira wake, akiuliza na kujijibu. Watu walianza kutikisika vitini. Mzunguko wa pili nikasikia kicheko cha furaha. Wa tatu, orkestra ilipoita kwa nguvu zote, wanawake waliosimama nyuma wakaitikia, "Weee!", bila kuombwa na mtu, kama mtu anavyoitikia anapoitwa kwao. Spes aligeuka akawaongoza na wao. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sioni haya kusema. Tulipomaliza walisimama wote. Mama alisimama, anapiga vigelegele na machozi yanamtoka.

Mwalimu Bonifasi peke yake alibaki amekaa. Nilimwona, na nikaumia. Makofi yalipopungua akamgusa Mama mkono, Mama akamsaidia kuinuka, na wakaja taratibu mpaka jukwaani. Alikuwa hawezi kuinuka peke yake, ndiyo sababu.

Akaniambia, "Nilimwambia papa yako apeleke noti hospitali. Kumbe ni masikio yangu ndio ilikuwa inaumwa." Kisha, ile tabia yake ikamrudia, akaniagiza nimwandikie ile noti kwa solfa awafundishe wanakwaya. Nikamweleza kwamba solfa haina alama yake. Akafikiri. "Basi ukuje nayo wewe mwenyewe. Pasaka. Benchi iko palepale."

Jana ilikuwa Pasaka, Papa.

Nilikaa kwenye benchi lako karibu na mlango wa sakristia. Mbao zake zimelika pale ulipokuwa unaweka mguu. Mwalimu alisimama mbele ya kwaya, ameegemea fimbo kwa mkono mmoja, mwingine hewani. Haleluya ikapanda, ikafika pale pale, kwenye noti ya juu, na mimi nikaipinda. Mwalimu hakuikata. Aliuacha mkono wake juu, macho amefumba, akaiacha noti yako isimame mlangoni muda wote iliotaka. Kisha akashusha mkono, na kwaya nzima, sauti nne, wale wale wa bemoli ni kosa, wakaichukua kama ilivyo, imeinama, wakalijaza kanisa.

Iliingia, Papa.

Pumzika kwa raha zako. Chai ya klarineti iko mezani inapoa, na mimi naenda kuamsha majirani.

Binti yako,
Nadi